Mkeka Juu ya Seumalo

Faimata alimwona tangu kulipopambazuka, akaamua kunywa kakao yake kwanza.

Mzee Seumalo, chifu wa kijiji cha Matavaiola, alikuwa amepiga magoti uani, amejifunika gubigubi kwa mkeka wa heshima wa ukoo wake. Wanawe walikuwa wameketi nyuma yake, vichwa chini. Samoa nzima hakuna asiyejua maana yake. Mkosaji huja alfajiri kwa aliyemkosea, hujifunika, hungoja. Ukimwinulia mkeka, umesamehe na yamekwisha. Usipomwinulia, jua na limkaange; akijiinulia mwenyewe, anarudi kwao na aibu yake.

"Wifi," alisema Losa, mke wa kaka yake, akimenya magimbi, "mzee wa watu atatufia hapa."

"Akifa tutamzika. Nipe sukari."

Na alikuwa na haki ya kunywa taratibu, asikudanganye mtu. Seumalo huyo huyo ndiye aliyesimama barazani Matavaiola akatunga sheria kwamba asiyeingia kanisani Jumapili hana nafasi kijijini. Faimata, mwalimu na mwenye cheo cha ukoo wake, akamjibu mbele ya wote kwamba yeye haoni dalili yoyote ya Mungu, na kwamba hata kama yupo, si kazi ya baraza kuchungulia nani kasali na nani hakusali. Jioni yake vijana wakaja na mafuta ya taa. Nyumba ikateketea. Mama yake, mgonjwa wa kifua, akabebwa juujuu kwenye mvua, akaja kufia hapa ugenini, kwa wakwe wa mwanawe wa kiume, kwao Losa.

Sasa mambo yamegeuka. Seumalo kahamia dhehebu la wanaosali Jumamosi, na Jumapili anajikalia kwake. Wenzake barazani wanataka kumtimua kwa sheria ile ile aliyowatungia. Lakini baraza la Matavaiola haliamui mpaka kila mwenye cheo akubali, na cheo cha Faimata hakikuwahi kufutwa. Wakamtumia ujumbe: njoo adhuhuri, useme ndiyo, urudishiwe ardhi ya mama yako.

Tangu apate ujumbe ule alikuwa analala usingizi mtamu kama mtoto aliyeshiba, na siku ya kikao ilikuwa leo.

Akatoka na kikombe chake, akaketi kwenye ngazi.

"Mzee, huko ndani kuna joto?"

"Faimata, binti yangu," sauti ikatoka chini ya mkeka, "nilikukosea."

"Mimi si binti yako. Aliyenizaa ulimuua."

Mzee akasema, "Mungu ndiye aliyenileta hapa leo."

"Na siku ile ya mafuta ya taa, alikutuma nani?"

"Sikumsikia vizuri."

"Uliapa umemsikia. Leo wenzako nao wanaapa wamemsikia, anawaambia wakufukuze. Tuambie basi, mzee, tutamjuaje aliyesikia vizuri?"

"Moyo unajua."

"Mioyo yenu ndiyo iliyochoma nyumba yangu."

Mkeka ukatikisika kidogo. Mzee hakuwa mjinga hata siku moja, na hata akiwa amepiga magoti alikuwa na ubishi wake. "Hii bahari, hizi mvua, huu uhai, vilijitokeza vyenyewe? Huoni kwamba lazima yupo aliyevianzisha?"

"Labda yupo. Sijui, na wewe hujui. Lakini hata ukinithibitishia leo kwamba yupo aliyeanzisha bahari, bado hujanionyesha mahali alipokupa wewe kiberiti. Mwenye sheria lazima nimwone, nimuulize, nimpinge. Huyo wako haji barazani. Mnakuja nyinyi, mnasema kwa niaba yake."

"Na bila yeye, nini kinakuzuia usiniache nife hapa?"

Faimata akacheka, kicheko cha uchungu. "Hakuna. Ni mimi tu. Kwa hiyo ogopa."

Akaingia ndani, akavaa nguo nzuri, akaondoka bila kumtazama tena. Njia nzima aliionja ile *ndiyo* mdomoni. Aliwaza mke wa Seumalo akibeba masufuria, wajukuu wakilia barabarani, moshi. Alitaka. Tusimpambe, alitaka kwa roho yake yote.

Barazani walimkalisha mahali pa heshima. Mzee mmoja akasema Mungu ni mwema, amerudisha haki. Wote wakaitikia ndiyo, mmoja mmoja, mpaka zamu yake. Faimata akawatazama nyuso. Walikuwa wale wale waliosimama wakiota moto wa nyumba ya mama yake.

"Hapana," akasema.

Wakadhani hakuelewa swali. Wakamkumbusha ardhi.

"Nimesikia ardhi. Mtu hafukuzwi kwao kwa sababu ya sala, awe nani. Namchukia Seumalo kuliko nyinyi nyote mnavyomchukia, na bado nasema hapana. Ardhi yangu nitaidai mahakamani."

Aliporudi jua lilikuwa limelegea. Mzee bado alikuwa uani. Pembeni ya mkeka palikuwa na kikombe cha maji, na Losa akajifanya hamnazo.

"Nimewakatalia," Faimata alisema. "Nyumba yako ni yako. Kasali Jumamosi, kasali Jumanne ukipenda, hakuna atakayekugusa."

Mzee akaanza kulia, mabega yakipanda na kushuka. "Mungu akubariki. Basi niinulie mkeka, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Si umenisamehe?"

"Nani kakwambia? Kukaa kwako ni haki yako, hata mimi siwezi kukunyima. Msamaha ni wangu, na sikupi." Faimata akapanda ngazi. "Utaishi kijijini kwako mpaka ufe, na kila siku utajua ni nani aliyekubakisha. Huo mkeka jiinulie mwenyewe."

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Wanawe hawakuthubutu kunyanyua macho. Baada ya muda mrefu mkono wa mzee ukatoka chini ya ukingo, ukaanza kuuvuta mkeka kutoka kichwani mwake.