Meneja Alilala Wapi?

Haki ya nani, haya ninayoandika ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata chembe, jino langu hili la mbele lidondoke.

Nilipostaafu ufundi wa reli nilifuga ng'ombe wawili na kondoo dume mmoja wa miezi minane. Nilimwita Meneja, maana kwa upana wa kifua chake mlangoni alipita ubavuubavu. Majirani walikuja kumtazama kama mgeni rasmi.

Kisha ng'ombe mkubwa akaugua. Homa kali, pua zimeziba, macho yamefunga ukungu mweupe. Siku ya tano akafa. Binti yangu, daktari wa mifugo, alikuwa amepeleka damu maabara. Akarudi uso umemkunjamana.

"Baba, ni virusi vya kondoo. Kondoo anavibeba wala hapigi hata chafya. Vikimfikia ng'ombe, ndiyo kama ulivyoona. Chanjo hatuna, ni kuwatenga tu. Meneja analala wapi?"

"Bandani kwake, kule ng'ambo ya ua."

"Hajawahi kulala na ng'ombe?"

"Mwanangu, kama amewahi, nitazoa samadi mwezi mzima, na Meneja aende kwa shangazi yako asiye na ng'ombe."

Akaingia zizini kwa yule ng'ombe aliyebaki, mwenye mimba ya miezi minane. Akatoka kiganja wazi.

"Na hizi golori?"

Nyeusi, ndogo, za mviringo. Nikakohoa. "Labda ng'ombe amefunga choo."

"Na sufu hii iliyonasa kwenye hori? Ameota ndevu?"

Ikabidi nikiri: banda la Meneja linavuja, na mwenye cheo halali kwenye matone! Tena ng'ombe mmoja alipokufa, nilimwacha Meneja amliwaze aliyebaki.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilivimba kichwa: mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa kokoto, leo kanikamata kwa golori. Miaka thelathini relini sikuwahi kuona mkaguzi wa namna hiyo.

Meneja aliondoka siku ileile. Kila asubuhi binti yangu alimpima ng'ombe homa, nami nikizoa samadi huku nimebana pumzi. Leo, siku ya ishirini na tisa, ng'ombe amezaa ndama jike. Macho ya mama yanang'aa kama kioo.

Nikazunguka mtaa mzima kuwatangazia majirani jinsi nilivyougundua ule ugonjwa mimi mwenyewe, kwa kunusa tu.

"Umejiongezea wiki nyingine ya samadi, baba," sauti ikasema mgongoni kwangu.

Jino limeanza kucheza. Nikashika toroli.