Tochi Saa Sita Mchana

Jua la Aprili lilikuwa limewaka juu ya maegesho ya magari ya mtaa wa Hjulsta, na bado mzee Onésime, akiwa amelala chali chini ya gari lake la miaka ishirini lililoinuliwa kwa jeki, alimwambia bintiye:

"Ghislaine, washa tochi. Huku ni giza."

Ghislaine akawasha. Kwa ukali wa jua lile mwanga wa tochi haukuonekana hata kidogo, lakini baba yake alishukuru.

Mfukoni mwa koti lake binti alikuwa na barua tangu Jumatatu. Barua zote za Kiswidi zilizoingia nyumbani alizisoma yeye, maana baba hakukijua Kiswidi cha maandishi. Hii aliisoma peke yake kwenye ngazi. Daktari wa macho alikuwa ametoa taarifa kwa wanaotoa leseni. Leseni ya mzee ilikuwa imefutwa, asiendeshe tena. Kila jioni baba aliuliza, "Ya macho haijaja?" na kila jioni Ghislaine akajibu, "Bado, baba."

Kilichovunjika ni stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayoshikana na magurudumu ya mbele, kushoto na kulia, ili gari lisilale upande kwenye kona. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi iliila mpaka ikakatika. Kesho yake saa nne kulikuwa na ukaguzi wa gari, na Jumapili mzee alingojewa mtaa wa Vårby gård na bibi Xavérine na wenzake wawili, awapeleke kanisani. Tangu mgongo umtoe kazini, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu walimwita Dereva wa Bwana. Alijifanya halimpendezi jina hilo.

Kariuki, jirani yao Mkenya, alipita na mfuko wa maziwa.

"Mzee, hii gari bado unaihangaikia? Si uipeleke makumbusho, watu walipe kiingilio waione!"

"Pita zako, Kariuki. Lako jipya lilikataa kuwaka Januari nzima. Nani alikuwa anakusukuma?"

"Ni wewe, mzee. Nimenyamaza." Akaenda zake akicheka.

Mzee akaichukua stabilaiza nyingine, waliyoitoa kwenye gari bovu la aina ileile, akaipandisha. Aliipandisha kinyume.

"Baba, umeigeuza. Sehemu iliyopinda inatazama nyuma."

"Najua. Nilikuwa napima tu."

Kisha akaitafuta bolti kwa nati, akaikosa mara tatu. Ghislaine akaingia chini, akamshika mkono kama anayemwongoza mtoto kuandika, mpaka nati ikauma.

"Sasa tulishushe," baba akasema. "Gari lisimame kwa miguu yake kwanza, ndipo ukaze. Ukikaza likining'inia, mipira ya stabilaiza itapasuka."

Walilishusha. Ghislaine, ambaye mwili wake mwembamba ulipenya, akakaza kila upande. Kazi ilikuwa nzuri. Alitamani ingekuwa mbaya.

Baba akaingia nyuma ya usukani. "Panda. Tuzunguke jengo mara moja tusikie kama linagonga."

Gari likawaka. Mzee akaangalia kioo, akaweka gia ya kurudi nyuma. Ndani ya kioo kilekile Ghislaine alimwona mama mmoja akipita na kigari cha mtoto.

Akaukamata ufunguo, akazima gari.

"Baba! Kuna mtu!"

"Wapi?" Mzee alikuwa bado anakitazama kioo. "Wapi?"

Ndipo Ghislaine akaitoa barua. Aliisoma kwa Kiswahili.

"Soma tena."

Akasoma tena, polepole zaidi. Yule mama alikuwa amekwisha kupita. Mikono ya baba ilibaki juu ya usukani.

"Na Xavérine?" akauliza.

Ghislaine mwenyewe hakuwa na leseni, Kariuki alikuwa kazini kila Jumapili, na magoti ya bibi yule hayakuziweza ngazi za treni.

Mzee akasema, "Nati ya kushoto siiamini. Kaikaze tena."

Ghislaine akashuka, akalala chini. Nati ilikuwa imekazwa kabisa. Akaishika spana, akaigongagonga kwenye chuma ili baba asikie.

"Imeshika?"

"Imeshika, baba."

"Na ya kulia?"

Akahamia upande wa kulia.