Restuta Aingia Karangani

Restuta aliamka siku hiyo akiwa ameshaamua, na mwanamke huyu akishaamua, wewe tafuta shughuli nyingine ya kufanya. Alijifunga kitenge, akaongeza kingine juu yake kwa tahadhari, akachukua jembe. Damu ilikuwa bado inamtoka, kidogo, lakini ilikuwapo. Na alikokuwa anakwenda ni kwenye karanga.

Kwa mgeni wa kijiji hiki cha Kibimba hilo halina uzito wowote. Lakini kwa ukoo wa mume wake, Sindayigaya, mwanamke mwenye damu ya mwezi hakanyagi shamba la karanga. Wazee wao walipohamia nchi hii walivuka mpaka na mwiko huo pamoja na masufuria na mbegu zao, wakasema akikanyaga, maganda yatakuwa matupu. Basi mwanamke anasubiri damu ikatike ndipo akapalilie. Kwa wale ambao mwezi wao una adabu, si taabu kubwa. Wengine hata wanashukuru, maana wanapata pa kukaa kitako.

Restuta ana miaka arobaini na saba, na mwezi wake ulishaishiwa adabu. Ulikuwa unakuja unapotaka, unakaa unavyotaka, na ukija unakuja na mabonge. Tangu apande karanga hakuwa amepata siku kavu za kutosha hata kupalilia kona moja. Nyasi zikapanda, yeye anazitazama kutoka njiani. Shamba lenyewe alilifyeka kwa mikono yake lilipokuwa pori, na ndilo lililomsomesha mwanawe Aron. Uchungu aliousikia akisimama pale njiani kama mpita njia, tuuache tu.

Ndipo Shangazi Keza, dada wa marehemu baba mkwe wake, akatoa hukumu. Huyu bibi ndiye mwenye miiko ya ukoo mzima, na hakuna mwanaume wa pale anayethubutu kumjibu. Alisema majuma matatu yakiisha shamba halijapaliliwa, apewe Diane, mke wa Ndizeye, mdogo wake Sindayigaya. Apewe moja kwa moja.

"Ardhi haiwezi kungoja tumbo la mtu," alisema, akainuka na fimbo yake akaenda zake.

Sasa wanawake wa pale wana ujanja wao, na ujanja huo ndio uliomponza Restuta. Palizi ikikaribia, vidonge vya uzazi wa mpango vinazungushwa nyumba kwa nyumba. Mwenye pakiti anamkatia asiyenayo, huyo anammegea jirani, ili mwezi uchelewe mpaka kazi iishe. Nani anapima presha? Nani anauliza ni vidonge gani, vya nani, vya nini? Hayupo! Ukinyimwa unanuna, ukinyima unaitwa mchoyo. Diane alimpa Restuta vyake, naye akameza bila kuuliza. Damu ikakatika, akafurahi, akanoa jembe. Kabla hajafika shambani vidonge vikaisha na damu ikarudi kwa hasira, akaanguka pale bombani ndoo ikiwa kichwani. Sindayigaya akambeba kwa bodaboda mpaka hospitali ya Nyamiaga, rangi imemtoka usoni.

Huko alimkuta daktari mmoja mwanamke, Joyness, mpole wa sauti lakini hana mzaha. Alimpima presha, akapima mimba, akapima wingi wa damu, akamfanyia utrasaundi, kisha akachukua kinyama kidogo kutoka kwenye mfuko wa uzazi kwenda kupimwa.

"Mama, umri huu mwezi kuvurugika ni kawaida," alimwambia. "Lakini damu nyingi namna hii hatuiachi hivi hivi. Tunatafuta sababu kwanza, ndipo tunatibu."

Majibu yalipotoka hayakuwa na jambo la kutisha. Homoni tu, mwili unaelekea kukoma hedhi na unagombana na wenyewe. Akampa vidonge vya homoni vinavyomfaa yeye, na vingine vya kuongeza damu. Akamweleza taratibu: meza kama nilivyokuandikia, saa ile ile, usiongeze, usipunguze, usikatishe kwa sababu umeona nafuu. Damu haitakauka kwa siku moja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, kichwa kikipasuka ghafla, njoo mbio, usingoje siku ya kliniki. Na usimgawie mtu.

"Hata ndugu?" Restuta aliuliza.

"Hata ndugu. Hivyo ulivyoniambia ulipewa vilikuwa vya nani?"

Restuta akamtaja mke wa shemeji yake. Na hapo hapo akakumbuka kwamba Diane kila mara analalamika kichwa upande mmoja, na kabla hakijaanza kuuma anaona vimulimuli machoni. Akalisema. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mtu wa hivyo, vidonge vingine vya uzazi wa mpango vinaweza kumletea kiharusi. Mwambie asimeze tena mpaka aje nimwone, tumtafutie njia nyingine."

Restuta alirudi akamwambia. Diane alicheka, akasema kichwa ni jua tu. Lakini kabla ya kucheka alijigusa upande wa kichwa.

Habari za dawa zikafika kwa Shangazi Keza kabla chai ya jioni haijachemka. Akaja mwenyewe na fimbo yake.

"Shikamoo Shangazi," Restuta alimwamkia.

"Marahaba. Nasikia umepewa vya kukausha. Basi vizuri. Meza vitatu vitatu, ukauke kesho, keshokutwa upalilie. Majuma yanaisha."

"Daktari hakusema vitatu."

"Huyo daktari ana karanga hapa?"

Restuta alimgeukia mume wake. Jamani, Sindayigaya! Mwanaume aliyemwona mkewe ameanguka matopeni, aliyelia kwenye bodaboda, alikuna shingo akasema, "Mama Aron, si umeze tu viwili vitatu, yaishe? Shamba litaondoka."

Hapo ndipo Restuta alipochemka. Alisimama, akafunga dawa zake kwenye kanga, akazibana kifuani.

"Sikilizeni, wote wawili. Dawa hii ni ya mwili wangu. Si ya karanga. Nimemeza vya watu ili nionekane msafi, nusura mnizike. Siongezi hata kimoja. Na shamba siachi."

"Utaingiaje na damu?" Shangazi aliuliza.

"Kwa miguu."

Thubutu! Hakuna aliyewahi kumjibu bibi yule hivyo. Sindayigaya aliinama akatazama viatu vyake. Shangazi akasema maganda yakitoka matupu, Restuta atarudi kwao, na akaondoka hajagusa chai.

Basi sasa unajua kwa nini asubuhi ile alivaa vitenge viwili. Alikuwa amemeza kidonge chake kwa saa yake, akala uji, akapita katikati ya kijiji jembe begani. Waliomwona walijua anakokwenda, na waliojua walimfuata. Alipofika kwenye mpaka wa shamba moyo ulimdunda kwelikweli, msidanganyike. Hata kwao alikulia ndani ya mwiko kama ule. Mama yake aliushika mpaka kufa. Alisimama, akapumua, akaingia.

Alipiga jembe la kwanza, la pili, akatupa nyasi kando. Kizunguzungu kikimjia anachuchumaa, anang'oa kwa mkono, kikipita anainuka. Mistari miwili ilikuwa tayari safi Shangazi Keza alipofika, nyuma yake wanawake kama kundi la msibani, na Sindayigaya mwishoni kabisa.

"Toka humo!"

"Sitoki, Shangazi."

"Una damu?"

"Ninayo. Mnataka niitangaze kanisani? Ninayo, na napalilia."

Wanawake wakaguna. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Shangazi akageuka, macho yakamtafuta Diane, akampata akiwa amesimama na jembe lake, kama alivyoagizwa.

"Diane! Shamba ni lako tangu sasa. Anzia kule juu. Wewe umemeza, wewe ni msafi."

Diane hakuinua jembe. Restuta aliacha kulima akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliogopa hasa. Diane akipiga jembe moja tu mbele ya watu wote wale, shamba limekwenda.

"Sijameza," Diane alisema.

"Umesemaje?"

"Sijameza, Shangazi. Kichwa changu kinanitisha, naona vimulimuli. Simezi tena mpaka daktari anione." Sauti ilizidi kumpanda. "Na leo ninayo. Na msimu uliopita nilikuwa nayo pia. Vidonge vilikosekana, nikaogopa kukwambia, nikaingia hivyo hivyo. Nilipalilia shamba lako wewe, mwanzo mpaka mwisho, na damu."

Shangazi Keza aliegemea fimbo yake.

"Karanga zangu?" aliuliza hatimaye, polepole.

"Zako. Zile ulizosema hujawahi kuvuna nono kama zile. Ulizotwanga kwenye kisamvu cha Pasaka, ukampelekea na paroko debe zima."

Kutoka nyuma, mwanamke mmoja akapasuka kwa kicheko, akaziba mdomo kwa kanga, hakuweza kujizuia. Wa pili akafuata. Diane akavuka mpaka wa shamba, akaja mpaka pale Restuta aliposimama, akaanza kupiga jembe kwenye mstari wa jirani.

"Mimi nakusaidia tu," alimwambia. "Shamba ni la kwako."