Moyo Wangu, Wamekuona

Nuru inaanzia kileleni, ukanda mwembamba wa rangi ya siagi, na mji mzima uko nje kuungoja. Miezi miwili hatujaliona jua hapa kwetu kaskazini mwa Norwei, na hakuna hata mmoja aliyesema jua halipo eti kwa kuwa halionekani. Watoto wameshika maandazi ya jua, yale ya kulipokea likirudi, krimu imewajaa puani. Nami napanda mteremko na wewe, moyo wangu, polepole.

Umenitoa jasho, wewe. Januari iliyopita, papa hapa, ulinibana, ukanipanda shingoni, ukanishika taya, nikakaa kwenye theluji kama gunia. Nilisema unauma. Daktari akaniambia, "Gudny, ni umri tu huo. Pumzika, punguza kahawa." Nilisema unauma. Wakaipiga picha mishipa yako mikubwa, wakaikuta safi, wakanirudisha nyumbani na vidonge vya wasiwasi. Hata mimi nikaanza kukuonea aibu. Nikawa nakoroga supu ya samaki huku nimeuma meno.

Dada yangu Torill ndiye aliyewaka. "Hofu gani? Wewe uliyevuka mto na kondoo dume mabegani, mimba hii hapa, leo uogope mteremko?" Akanipakia garini, akanipeleka mji mkubwa kwa daktari Ingvild, ambaye hakuniuliza habari za mawazo.

"Unauma ukifanya nini?"

"Nikitoka nje kwenye baridi."

"Basi tuuchokoze kwa dawa, tuone unafanya nini."

Looh, siku ile. Nimelala macho, mrija umepita mkononi hadi kwako, skrini iko pembeni yangu. Dawa ikaingia. Nawe ukaja, moyo wangu, mbano ule ule, taya lile lile, na pale kwenye skrini mshipa ukanywea mbele ya macho ya watu wote. Naumia na nacheka, nacheka na machozi yananiingia masikioni.

"Ndio huo," nikasema. "Ndio wenyewe."

"Tunauona, Gudny. Mshipa unajikaza. Hukuwa unajitungia."

Akatia dawa ya kuulegeza, mshipa ukafunguka, maumivu yakaondoka. Nilitamani kumbusu yule mwanamke.

Sasa nina vidonge vyangu vya kila siku, na kichupa cha kupuliza chini ya ulimi. Na leo, nusu ya mteremko, unabana.

"Torill, moyo unauma."

Haniambii nitulie. Ananikalisha juu ya begi lake, kichupa tayari mkononi. "Fungua mdomo, bibie." Anapuliza. Wanaotufuata wanasimama nasi, hakuna anayetuharakisha. Kifua kinalegea.

Watoto wanapiga kelele. Nuru inashuka mlimani, inagusa theluji, inagusa viatu vyetu, inapanda magotini. Nafungua kifungo kimoja cha koti.

"Funga hilo koti, baridi hiyo," anafoka Torill.

"Kidogo tu," namwambia. "Acha na huu moyo ulione jua."