Majani Yaliyojikunja kwa Dada

Watu huniita Daktari wa Majani, na sijawahi kuwakataza. Nina meza moja nyuma ya duka la miche, lenzi, kisu kidogo, na foleni ya watu wanaoniletea majani kwenye mifuko. Mwenye jani bovu huwa na hadithi ndefu. Mimi hadithi siisikilizi. Naligeuza jani, naangalia upande wa chini.

Jumatano asubuhi dada yangu alinipigia simu. "Mdogo wangu, njoo uniangalizie maua. Yamejikunja yote. Nikishasikia kwa mdomo wako kwamba ni uzembe, Mkasi namwachisha kazi Jumamosi."

Mkasi amekuwa mtunza bustani wake kwa miaka kumi na moja. Jina lake halisi analijua mkewe. Sisi wengine tunamwita kwa kile anachotembea nacho mfukoni. Dada alikuwa ameshaongea na kampuni moja ya bustani, vijana wenye fulana za kufanana, nao wakamwambia kwamba maua yale yameuawa na kiu. Kilichobaki kilikuwa neno langu.

Nilimkuta Mkasi amesimama kando ya tuta la waridi, kofia mkononi. Nikamsalimu, halafu nikamhoji kama askari.

"Unamwagilia lini?"

"Kila asubuhi, mama mdogo. Jua likiwa kali, na jioni."

"Mbolea je?"

"Ile ya maji. Naipulizia kwa bomba la mgongoni kila baada ya wiki mbili."

Dada alikuwa nyuma yangu, kila jibu analipokea kwa kuguna.

Kazi yenyewe haina uchawi. Jani likijikunja, kwanza unatafuta wadudu. Niligeuza jani la waridi: vidukari hakuna, utando wa utitiri hakuna, hata sisimizi, ambao hufuata vidukari kwa ajili ya utamu wao, hawakuwepo. Nikachomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Unyevu ulikuwepo, wala si tope. Nikamwambia dada kwamba kiu tuisahau. Akasema nisiwe na haraka.

Majani ya zamani yalikuwa mazima. Yaliyoharibika ni machanga: yamekuwa membamba kama kamba za viatu, vikonyo vimejipinda, mishipa imebanana. Haibiskasi hivyo hivyo. Jasmini hivyo hivyo. Wadudu na magonjwa kwa kawaida huchagua mmea. Hiki hakikuchagua, isipokuwa nyasi, ambazo zilikuwa kijani kibichi mpaka ukingoni mwa tuta. Kinachopinda majani mapana ya kila aina na kuziacha nyasi salama mimi nakijua kimoja, nacho ni dawa ya magugu.

"Nani kapiga dawa ya magugu hapa?" niliuliza, na furaha ikasikika katika sauti yangu. Napenda kumkamata mtu, siwezi kuficha.

"Hatujawahi kununua," dada akasema. "Mkasi hung'oa kwa mkono."

"Basi ilikuwa ndani ya bomba. Lilete nilione."

Mkasi alinitazama kidogo, akaenda stoo. Alirudi amelibeba kwa mikono miwili, akaliweka miguuni pangu. Mkanda mmoja wa begani ulikuwa umekatika, ukaungwa kwa kitambaa cha bluu chenye vidoa vyeupe.

Kitambaa kile kilikuwa pazia la jikoni kwangu.

Wiki sita nyuma bomba langu liliziba, nikaazima la dada, nikapiga dawa ya magugu kwenye njia ya nyumbani. Mkanda ukakatika, nikaufunga. Nikalisuuza kwa maji mara moja tu, maana nilikuwa na wageni, nikalirudisha. Na dawa ile haitoki kwa maji ya mara moja. Hung'ang'ania ndani ya mpira na kwenye pua ya bomba. Kila siku nawaambia watu bomba la magugu na bomba la maua yasijuane. Nimewafokea wanaume wazima kwa kosa hilo, mmoja nusura alie. Kweli nyani haoni kundule.

Ningeweza kusema ni kirusi. Kirusi hakina mwenyewe: dada angeamini, Mkasi angebaki na kazi, nami ningebaki Daktari. Tatizo ni kwamba maua yenye kirusi hung'olewa na kuchomwa, na haya yalikuwa bado na uhai. Nakiri nililipima wazo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

"Ni mimi," nikasema. Nikaeleza yote.

Dada alicheka, akidhani natania. Aliponitazama usoni akaacha. "Yaani wewe? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kateni matawi yaliyojipinda, mwagilieni vizuri, msipulizie kitu. Mengi yatachipua." Kisha nikamgeukia Mkasi. "Ulijua?"

"Nilisikia harufu siku lilipoletwa. Nikalisuuza mara tatu, nikadhani imetoka."

"Mbona hukusema?"

Alimtazama dada, akarudisha macho kwenye kofia yake. "Nilisema, mama mdogo. Majani yalipoanza tu. Mama akaniambia bomba limetoka kwa Daktari, nitafute kosa kwangu."

Hakulisema kwa hasira. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Jina nililokuwa nalifurahia ndilo lililomziba mdomo.

"Basi yaishe, Mkasi," dada akasema haraka. "Endelea na kazi yako."

"Asante, mama. Ila naomba karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Wale vijana wa kampuni waliambiwa mbele yangu kwamba mimi ni mzembe. Wanaingia bustani zote za mtaa huu. Naomba Daktari aniandikie."

Niliandika nikiwa nimeinama kwenye meza ya barazani: maua yameharibiwa na dawa ya magugu iliyobaki kwenye bomba, niliyeiacha humo ni mimi, mtunza bustani hana kosa. Nikaweka tarehe na sahihi, nikamnyooshea. Hakuipokea.

"Isome, mama mdogo. Kwa sauti."

Nikaisoma. Mstari wa pili niliusoma haraka mno, nikaurudia. Nilipomaliza, nilimpa tena karatasi, na safari hii aliichukua. Hakuiweka mfukoni. Aliigeuza vizuri ili maandishi yamwelekee dada, akampa kwa mikono miwili.

"Na wewe, mama," akasema.

Dada alinitazama nimwokoe. Akatafuta miwani yake, akaivaa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, neno moja moja, na Mkasi akamngoja mpaka alipofika kwenye "hana kosa."