Leonel wa Kwenye Kompyuta

Umeme uliporudi saa tisa alasiri pale Caibarién, pwani ya Kuba, ulirudi kwa nguvu kupita kiasi. Haydée Monzón alikuwa jikoni anachambua maharage meusi. Alisikia mlio mmoja mkavu sebuleni, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Kompyuta ilikuwa imezimika, na kile kidude cha kuhifadhia nakala, alichokuwa amekichomeka ubavuni mwake, kilikuwa cha moto hakishikiki.

Humo ndimo kilimokuwa kitabu chake chote, kazi ya miaka kumi na moja. Kilimhusu kaka yake Leonel, aliyeondoka kwa chelezo cha mipira ya matairi kukimbilia Marekani mwaka 1994 na hakusikika tena.

Fundi Wilfredo alivifungua vyote viwili, akavinusa kama mtu anayenunua samaki.

"Hawa wameshaoza, dada," alisema. "Ungeandika kwa kalamu, leo ungekuwa unagombana na panya tu."

Haydée alivirudisha nyumbani ndani ya mfuko, akavilaza kitandani, akakaa kando yake mpaka maharage yakaungua.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Leonel aliingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na shati la njano. Kwa kuwa kitabu kiliungua na hakuwa tena na mahali pa kukaa, alikuja nyumbani. Aliuliza kuna chakula gani. Haydée akampakulia wali.

"Umenenepa," Leonel alimwambia.

"Nimezeeka."

"Hilo nalo."

Jirani yao Zoraida alikuja kuomba sukari, akamtazama kijana juu mpaka chini.

"Huyu si Leonel? Ila shati hili hakuwa nalo."

"Nilimpa mimi," Haydée alisema. "Kwenye sura ya tatu."

"Linamkaa," Zoraida alisema, akaondoka na sukari yake.

Baba yao, Mzee Evelio, alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea karibu na dirisha. Kila asubuhi Leonel aliinama akambusu kwenye paji la uso na kumuuliza alivyoamka. Mzee alilipokea lile busu bila kufumbua macho.

"Huyu kijana siku hizi ana adabu," alisema.

Haydée alijua busu lile lilikotoka. Katika kitabu, baba alimsindikiza mwanawe mpaka ufukweni, akampa maji ya njiani, akalia. Mambo hayakwenda hivyo. Siku ile bahari ilichafuka, na adhuhuri Leonel akarudi nyumbani, amelowa, akagonga. Mzee alitia komeo, akamwambia kupitia dirishani kwamba msaliti hana kwao. Haydée alikuwa mezani, kijiko mkononi. Hakuinuka. Alikuja kuandika vingine kwa sababu aliandikia kwenye sebule ileile, na mzee alikuwa akipita nyuma ya kiti chake kuulizia kahawa.

"Baada ya ufukweni ulifika wapi?" alimuuliza Leonel siku moja.

"Sijui. Ulinifikisha pale, ukaanza habari za waliobaki."

"Hukumbuki bahari hata kidogo?"

"Hukuiandika."

Leonel alikaa wiki kadhaa. Alikuwa na mizaha minne, yote Haydée ndiye aliyeitunga, na kila mara alicheka palepale alipoandikiwa kucheka. Haydée akajikuta anajibu kabla hajaulizwa. Nyumba ilikuwa na watu watatu, naye alikuwa anakula peke yake.

Jumapili moja, baada ya kupakua, alichukua kalamu na kurasa za kalenda ya zamani, akaanza upya kitabu chake kwenye migongo mitupu ya kurasa hizo. Hakuanzia ufukweni. Alianzia mlangoni.

Alipomaliza ukurasa wa kwanza, Leonel aliacha kutafuna. Shati la njano lilikuwa limegeuka la kijivu, lenye kola iliyochanika, na maji yalikuwa yanatiririka kutoka mikononi mwake hadi sakafuni. Alimtazama mzee kwa muda mrefu.

"Kumbe niligonga," alisema.

"Uligonga."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nakula."

Leonel akaitikia kwa kichwa taratibu. Alimaliza wali wake, maana hakupenda kutupa chakula, akaosha sahani, akaifudikiza juu ya kitambaa. Kisha akampita mzee bila kuinama, akatoka. Haydée alimwita kwa jina mara moja tu, si kwa sauti kubwa. Nyayo za maji za Leonel ziliteremka ngazi, zikashika barabara, zikakaukia mbele ya nyumba ya Zoraida.

"Nani huyo ametoka?" Mzee Evelio aliuliza.

"Leonel."

"Ameacha mlango wazi. Mbu wataingia."

"Ulimfungia nje, baba."

Mzee alibembea kidogo.

"Enzi zile kila mtu alifunga mlango wake," alisema.

Haydée hakwenda kuufunga. Mbu waliingia kweli, wakamuuma mzee, wakamuuma na yeye, akaandika hivyohivyo mpaka mwanga ukapungua. Alikuwa kwenye ukurasa wa nne mzee alipoomba kahawa. Akaweka kalamu chini, akaenda kumchemshia.