Ghala Lililopimwa Homa

Dalali aliyewazungusha Sista na shemeji yake wiki nzima alikuwa na neno moja kwa kila ghala: pazuri. Penye maji yaliyotuama sakafuni palikuwa pazuri, penye panya palikuwa pazuri, na hata pale palipopakana na kiwanda cha rangi, ambako Sista alitoka akipiga chafya, palikuwa pazuri kwa mtu asiye na mafua. Ndiyo maana Jumatano, alipowafungulia lile kubwa la barabarani na kunyamaza kimya, wote wawili walihisi kwamba wamefika.

Sista ndilo jina alilotoka nalo wodini. Aliuguza watu miaka ishirini kabla ya kuacha kazi na kufungua biashara ya vifaa tiba pamoja na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa mashine za hospitali ambaye kila mtu alimwita Fundi tu. Waliuza mashine za presha, mashine za oksijeni na stripu za kupimia sukari. Mali yote ilikuwa nyumbani kwa Sista, maboksi yamefika darini, mumewe akipita ubavu ubavu kwenda kuoga. Sasa leseni ilitaka ghala la kueleweka. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu, na asipolikuta, biashara ingefungwa.

Fundi alilipenda lile ghala papo hapo na wala hakuficha. Mlango wake lori lingeingia kinyumenyume bila kugusa kitu, na sakafu ilikuwa safi kuliko ya nyumba nyingi. Kwa miaka miwili alikuwa akiota kuuza vitanda vya wagonjwa, akikwama kwa kukosa pa kuviweka. Akatembea akihesabu hatua kwa sauti, hapa vitanda sita, pale vitanda sita, uso umemkunjuka. Sista alimwonea raha. Yeye mwenyewe alipapenda, na kilichomuudhi ni kwamba safari hii dalali alikuwa na haki ya kujisifu.

Lakini stripu zilimnyima raha. Stripu ikipata joto la kupita nyuzi thelathini huharibika, na ubaya wake ni kwamba haionyeshi. Inatoa namba kama kawaida, ila namba ni ya uongo. Aliwahi kumdunga mzee mmoja insulini kwa kuiamini namba ya namna hiyo, mzee akamzimikia mikononi. Mzee alizinduka, na wanawe wakamshukuru Sista sana. Shukrani zile zilimchoma mpaka leo. Akasema hakuna saini kabla ya kupima joto. Akachomoa boksi la vipimajoto mkobani, akavikung'uta kimoja kimoja na kuvisambaza, vingine sakafuni, vingine kwenye rafu, na kimoja Fundi akapanda ngazi kukiweka juu kabisa karibu na bati. Vilale hapo mpaka kesho, akaagiza.

Alhamisi saa tatu asubuhi ghala lilikuwa limepoa vizuri. Dalali aliwaelekeza kwenye kipimajoto cha ukutani, nyuzi ishirini na tatu, kana kwamba ni yeye aliyeupika ubaridi huo. Fundi akapanda ngazi kukichukua kile cha juu, akakiangalia, akaanza kucheka akiwa huko huko juu.

"Shemeji," alisema akishuka, akijifuta machozi, "umelipima ghala homa."

Kweli. Vilikuwa vile vya kioo, vya kuwekwa kwapani. Jana mchana kila mmoja alikuwa na haraka, na mkono wa Sista ulichukua kile ulichozoea kuchukua miaka ishirini. Dalali naye akacheka, kwa adabu ya mtu anayesubiri kamisheni. Sista aliona haya, akampokonya shemeji yake kile kipimajoto na kukigeuza kwenye mwanga, tena kwa mazoea.

"Thelathini na tisa," alisoma.

Fundi akaacha kucheka. Kipimajoto cha homa hakishuki chenyewe. Kikishapanda, hung'ang'ania pale pale mpaka kikung'utwe. Namba ile haikuwa ya asubuhi hii, ilikuwa ya jana alasiri, mlango umefungwa na bati limeshika jua. Cha sakafuni kilisoma thelathini na sita.

Fundi alipigania ghala lake. Akataja feni, akataja kulipaka bati rangi nyeupe, akataja dari. Yote yaliwezekana na yote yalitaka wiki kadhaa, wakati Jumatatu haikuwa ya kusubiri mtu. Mwishowe dalali, huku akikuna kichwa, akawapeleka mahali ambapo hakuwa amewaonyesha kwa sababu hata yeye alishindwa kupaita pazuri. Ni chumba kirefu cha chini katika jengo la zamani nyuma ya mtaa wa washonaji, kuta nene za mawe, na ghorofa mbili juu yake za kukinga jua. Sista alinunua kipimajoto cha ukutani cha kweli, akageuza kreti na kuketi humo tangu saa saba hadi saa kumi, Alhamisi na Ijumaa, akiandika daftarini kila nusu saa. Joto halikuvuka ishirini na sita.

Fundi naye alipima kitu kimoja tu, mlango. Akapima mara tatu. Kila mara kitanda kiliuzidi upana.

"Humu mna biashara yako, shemeji," alisema taratibu. "Yangu haimo." Akakunja futi yake akaondoka.

Sista aliumia. Bila Fundi hapakuwa na biashara, maana nani angetengeneza mashine? Jumamosi aliuchukua mkataba, akatia saini, akampigia simu. Akamwambia hatamlaumu akijitoa, lakini yeye hawezi tena kumpa mgonjwa namba ya uongo. Fundi alijibu kwamba amesikia, akakata.

Jumatatu Sista alifika mapema, akakuta mlango wazi na mlio wa spana ndani. Fundi alikuwa amepiga magoti katikati ya miguu, magurudumu na vyuma vya kitanda kizima kilichofunguliwa, akikiunga upya. Sista alisimama mlangoni.

"Bolti ishirini na nne," Fundi alisema bila kugeuka. "Dakika arobaini."

Mkaguzi aliwakuta hivyo hivyo. Alisoma daftari lote, akagusa kuta, akatazama juu ya rafu, akaagiza kizimamoto kiletwe kabla ya Ijumaa. Kisha akagonga muhuri. Alipokuwa akitoka akautazama mlango, akakitazama kitanda, akauliza kiliingiaje.

"Kwa vipande," alisema Fundi. "Na kitatoka kwa vipande, mheshimiwa. Wagonjwa wengi wanauguziwa nyumbani, na milango ya vyumba vyao ni myembamba kuliko huu. Nitawafuata huko huko, nikawaungie kitanda mwenyewe."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Sista alifurahi. Alivua viatu, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda na kumshikia shemeji yake chuma, ili afunge bolti zilizobaki.